Somoe Hakuficha

Asubuhi ile mke wangu Somoe alichemsha muhogo akautia chumvi nyingi. Nikamwambia chumvi imezidi. Akasema, "Ulimi wako ndio umezeeka, si chumvi yangu." Akala kipande kimoja, cha pili akakirudisha sufuriani.

Jioni iliyotangulia alikuwa ameniambia tumbo linamuwaka na choo kimekuwa cheusi kama lami. Nikasema twende zahanati. Akasema kwanza atamwambia Klementi, maana vidonge vya magoti ni vya Klementi, kijana wa utafiti, na asubuhi ilikuwa zamu ya Klementi kupiga.

Simu yetu inakaa dirishani, imening'inia kwenye msumari. Mtandao unaingia hapo tu. Ikiita tunaiweka spika, anayesikia na asikie. Kwa hiyo nilisikia yote, na ninayaweka hapa kama yalivyosemwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za magoti?"

"Magoti salama."

"Habari za dawa?"

"Salama, alhamdulillahi. Ila sasa..."

"Haya bibi, nashukuru sana. Tutaonana nikija huko."

Ikakatika. Somoe akaitazama simu pale msumarini. Akasema, "Huyu anafukuzwa na nyuki?" Tukacheka. Akasema basi atamwambia akija. Akachukua ungo, akakaa barazani kupepeta ufuta. Mimi nikaenda kwenye mikorosho yangu.

Hatukupata asubuhi nyingine nyumbani.

Kwetu mtu akikuuliza habari, unasema salama. Hata kama nyumba inaungua nyuma yako, salama inatangulia. Kaka yake Somoe, Iddi, alipofariki kule Likawage, walimtuma mtu kuja kutuambia. Akafika. Za huko? Salama. Wazima? Wazima. Watoto? Hawajambo. Akapewa maji, akanywa, akafuta mdomo. Halafu akasema, "Ila Iddi tumemzika jana." Hakuna aliyemwita mwongo. Ile salama ni ya kufungua mlango tu. Habari yenyewe iko ndani, na unaingojea umekaa.

Daktari wa Dar es Salaam anaweza asilijue hilo. Mzungu anaweza asilijue. Klementi kazaliwa Mtama, kwa mama Mmwera, kakua akisalimia watu kama sisi. Klementi analijua. Hapo ndipo neno langu na yeye lilipo.

Sasa nimseme Somoe alikuwa nani, maana wengine wamemjua kwa kifo chake tu.

Alikuwa Somoe binti Nurdin, wa Likawage, ndani kabisa, ambako gari ikifika watu wanatoka nje kuitazama. Nilimwoa akiwa msichana. Alikuja Kiranjeranje kwa miguu na shangazi zake, mzigo kichwani. Alipofika alisema kijiji chetu kina kelele kwa sababu ya barabara. Miaka yote hakuacha kusema hivyo. Basi la Lindi likipita anasema, "Hao wanawahi nini?"

Tulizaa watoto watano, wawili tukawazika wadogo. Waliobaki wako mbali, na wana watoto wao.

Kazi yake ilikuwa ufuta. Wapo wanaolima ufuta, na wapo wanaoujua. Ufuta unakatwa kabla haujapasuka, unafungwa mafungu, yanasimamishwa yaegemeane yakauke. Ukichelewa, mbegu zinamwagika chini na mwaka wako umekwisha. Somoe alikuwa anapita katikati ya mafungu, anagusa moja kwa kidole, anasema kesho. Na kesho ndiyo ilikuwa yenyewe. Halafu unalaza turubai, unapindua fungu kichwa chini, unalikung'uta. Kutwa nzima ni kuinama na kuinuka. Magoti yake yaliishia huko, kwenye turubai.

Na kwenye ngoma. Sitaficha. Wasichana wakitolewa ndani, Somoe ndiye aliyekuwa anacheza kwa kushuka mpaka chini, ananyanyuka taratibu bila kushika kitu, wanawake wanapiga vigelegele. Niliwahi kumwambia wewe mke wa mtu, punguza. Akaniambia, "Mke wa mtu ndiye mimi, na huyo mtu ndiye anayechungulia uani."

Magoti yalianza kuvimba, kwanza la kulia, likafuata la kushoto. Akaacha ngoma, hakusema kitu. Akaacha kukung'uta, akasema kidogo. Lililomliza ni swala. Alifika mahali hawezi kupiga magoti. Nilimfanyia kiti kifupi cha mninga, akawa anaswali amekaa, anainamisha kichwa tu. Aliniambia, "Mimi namsalimia Mungu kama ninavyomsalimia mwenyekiti wa kijiji." Alikuwa anataka paji lake liguse chini. Hakuna kingine alichokitaka. Hakutaka kupona kabisa, hakuwa mjinga.

Ndipo wakaja watu wa utafiti.

Walituita ofisi ya kijiji, wenye viungo vibovu wote. Daktari Rosemary, mkubwa wao, alieleza vizuri, sitasema uongo. Alisema wana vidonge vya namna mbili kwa maumivu ya magoti. Vimoja vya zamani, vingine vipya. Vinafanana rangi. Atakayepewa hajui kapewa vipi, na anayempa hajui. Wanataka kuona vipi vinasaidia bila kudhuru. Alisema ukiona tumbo linakuuma au choo cheusi, sema upesi, vidonge vitasimamishwa. Akamwonyesha Klementi. "Huyu ndiye atakayewapigia na kuwatembelea. Mwambieni yeye."

Klementi akasimama, kijana mrefu, shati limepigwa pasi. Akasalimia kwa Kimwera. Wazee wakafurahi. Na mimi nilifurahi. Nikasema huyu mtoto wa watu wetu.

Kulikuwa na karatasi yenye nyuso zimechorwa, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Unaulizwa maumivu yako ni uso upi. Somoe akaitazama. Akasema, "Huyu anayelia ni mume wangu akikosa kahawa." Wakacheka mpaka Daktari Rosemary akavua miwani. Halafu Somoe akagusa uso wa karibu na mwisho. Akaweka dole gumba, akapewa vidonge na kikadi chenye namba ya Klementi.

Vidonge vilifanya kazi. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli, wala si kwa kumpendeza mtu. Haukupita muda mrefu, siku moja adhuhuri akasogeza kile kiti pembeni. Akashuka polepole. Goti, goti, mikono, paji. Akakaa chini hapo muda mrefu nikaogopa.

Alipotoa salamu nikamuuliza, "Ulisinzia?"

Akasema, "Nilikuwa na mengi ya kusema."

Mwanzoni Klementi alikuwa anakuja mwenyewe kwa pikipiki, anakaa, anapewa maji. Anaulizwa za Mtama, anauliza za shamba, wanafika mpaka kwenye magoti. Halafu akawa anapiga simu tu. Vijiji ni vingi, alisema. Simu yenyewe ikawa fupi. Kila ilivyofupika, Somoe alikuwa anasema, "Leo kanisalimia kama anadaiwa."

Siku ile alipokatiwa simu, mchana walinifuata shambani mbio. Nilimkuta Somoe ameanguka pembeni ya ungo, ufuta umemwagika. Alitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Tulimbeba hadi barabarani, gari la mizigo la korosho likatuchukua hadi kituo cha afya, na kutoka hapo gari la wagonjwa likampeleka hospitali. Daktari wa pale alisema kidonda tumboni kimetoboka na damu nyingi imekwenda. Waliongeza damu. Kesho yake, jua limeshatoka, akafariki. Tulirudi naye tukamzika kwetu kabla ya alasiri.

Siku ya tatu Klementi alikuja matangani. Alivua viatu, akakaa jamvini, akapokea mikono ya watu. Mzee mmoja akamuuliza ilikuwaje. Klementi akajibu, na mimi niko umbali wa mkono.

"Kwa kweli bibi hakuwahi kulalamika. Kila nilipopiga alisema salama."

Matanga si mahali pa kubishana. Niliangalia soksi zake. Zilikuwa nyeupe. Nikajiambia, wewe utalipa.

Arobaini walipoleta mchele na sukari, mradi mzima umechanga, niliupokea kwa mikono miwili mbele ya watu. Walipoondoka nikawamwagia kuku mchele. Jirani yetu Romana akaja mbio. Romana ni Mmakonde wa Newala, walihamia hapa na mumewe kwa ajili ya mikorosho. Mume akafa, yeye akabaki. Alikuwa rafiki wa Somoe na mgomvi wake, kwa sababu ya hao hao kuku.

"Shemeji, mchele wa watu unawapa kuku?"

"Wameushukuru kuliko mimi."

Kumpiga sikuweza, nina miaka yangu. Kumshtaki, ningeanzia wapi? Mimi sikusoma. Angeleta karatasi zake zimeandikwa salama, salama, salama, na mimi ningeleta mdomo wangu. Basi nikafikiri: huyu anakula kwa nini? Anakula kwa majibu yetu. Sisi tukimwambia goti limepoa, anaandika. Likizidi, anaandika. Hayo ndiyo shamba lake.

Nikapita nyumba kwa nyumba kwa wote wanaomeza vidonge, Romana akiwemo. Niliwaambia, "Somoe alisema salama, akakatiwa. Nanyi mwambieni salama. Asipate neno jingine. Akileta nyuso zake, gusa inayocheka." Hakuna aliyekataa. Walimpenda Somoe, na wengine walikuwa wamekatiwa simu vile vile, wakadhani ni mtandao.

Klementi akaanza kupiga. Salama. Akapiga tena. Salama, alhamdulillahi. Akaja na karatasi ya nyuso, kijiji kizima kikagusa ule unaocheka. Mzee Ramadhani, nyonga yake imekufa siku nyingi, naye akaugusa.

Klementi akamwambia, "Mzee, maumivu hakuna kabisa? Mbona una magongo mawili?"

"Ya kupigia mbwa."

"Yote mawili?"

"Mbwa wenyewe wawili."

Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya barabara. Nilimwona Klementi akiandika, anafuta, anaandika. Sikucheka. Lakini usiku ule nilikula nikashiba.

Utafiti ukawa hauna maana. Vidonge vya zamani vinaponya wote, vipya vinaponya wote, mwenye magongo kapona, asiyeweza kuinuka kapona. Huko Dar wakaanza kumuuliza Klementi anaandika vitu gani. Akajua kulikotoka. Akaja kwangu, kofia ya pikipiki mkononi, hakukaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi naelewa uchungu wako."

"Habari za kazi?"

"Salama. Ila..."

Nikanyanyuka, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nilimsikia nje akimalizia maneno yake na mbao. Alisema mengi. Alisema mambo ya watu wengine kuumia. Sikufungua.

Ningeendelea hivyo mpaka wamfukuze kazi. Ndivyo nilivyotaka, arudi Mtama mikono mitupu, mama yake amuulize habari za kazi naye aseme salama.

Aliyeniharibia ni Romana. Alikuja na muhogo uliofunikwa sahani, akakaa barazani mahali pa Somoe.

"Za leo, shemeji?"

"Salama. Zako?"

"Salama tu."

Akakaa. Nami nikakaa. Akatazama kuku wangu, akasema wamenenepa kwa dhambi. Nikasema ndiyo. Halafu akaweka mkono chini ya kifua.

"Ila hapa panawaka. Na choo ni kile cha mwenzangu."



Akasema, "Klementi anakuja kesho. Nimwambie, au bado tunamkomoa?"

Aliuliza hivyo hivyo, kama mtu anayeuliza tuvune leo au kesho. Angesubiri jibu langu na angelishika. Nikimwambia asiseme, asingesema. Na nikimwambia aseme, Klementi anapata jibu lake la kweli, na salama yetu yote imevunjika, na yeye anainua kichwa. Nilimtazama yule mwanamke. Midomo yake ilikuwa imepauka kama ya Somoe ilivyokuwa, na yeye alikuwa anazungumza habari za kuku.

"Vidonge usimeze tena," nilisema. "Kesho utamwambia. Lakini si kwenye simu. Na mimi nitakuwepo."

Asubuhi Klementi alifika kwa Romana, akanikuta mlangoni. Aliposema ana haraka nikamwambia hana. Nikamwambia avue kofia, azime simu, akae mkekani. Akakaa. Shati lake siku hiyo halikuwa limepigwa pasi.

"Msalimie," nikasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Za nyumbani Mtama?" Romana alikuwa na maumivu, lakini alimpa zote. Za mama yake, za mvua, za barabara. Klementi anajibu. Jasho linamtoka. Akauliza habari za magoti. Salama. Habari za dawa. Salama.

Akatazama mlango. Mimi nilikuwa nimeuziba.

"Ngoja," nikamwambia.

Tukangoja. Jogoo akapita. Romana akafunga kanga yake upya. Halafu akasema ila, na akasema yote.

Klementi alisimama mkekani kama ameng'atwa. Aliwasha simu akaita gari. Aliuliza damu yake ni ya namna gani, akauliza nani anaweza kwenda naye. Wakampeleka, wakamwahi. Alikaa hospitali, akarudi mwembamba, na siku aliyorudi akaja kuuliza kuku gani kala mchicha wake.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini maneno ya kijiji yakaniwahi. Kahawani wakawa wanasema Klementi kamwokoa Romana. Wakasema Romana alisema, akapona. Somoe alificha, akafa. Alitaka vidonge visisimamishwe, wakasema, kwa ajili ya magoti. Mtu mmoja alilisema hilo mbele yangu, kikombe mkononi, tena kwa huruma. Nikakimwaga kikombe chake.

Kumbe nilikuwa nimemsaidia. Yeye alikuwa anapanda na mke wangu anashuka kaburini mara ya pili. Nikasema, haki yangu sasa ni moja. Aseme mwenyewe, mbele ya watu, kwamba alikata.

Daktari Rosemary alikuja kabla ya masika. Kikao kikawa ofisi ya kijiji, wale wale wenye viungo vibovu, na wengine waliokuja kusikiliza. Klementi alikaa pembeni yake. Daktari akatoa pole. Akasema vidonge vimesimamishwa kijijini kwetu mpaka wachunguze. Akasema wameshafungua siri, marehemu alikuwa anameza vile vya zamani, vinavyojulikana kuumiza tumbo. Sikujali vilikuwa vipi. Halafu akasema, kwa upole kabisa:

"Ndugu zangu, nawaomba tuseme mapema. Mwenzetu mmoja hakusema, na tumempoteza."

Nikasimama.

"Daktari, nani hakusema?"

"Mzee wangu, pole sana. Simlaumu marehemu."

"Nimeuliza nani hakusema."

Akatazama karatasi zake. "Taarifa tulizonazo, kila alipopigiwa alisema hali ni salama."

"Waliopiga ni wangapi?"

"Ni Klementi."

"Basi mimi sina neno na wewe. Nina neno na Klementi." Nikamgeukia. "Klementi mwana wa Mtama. Nikikuuliza hapa habari yako, utasema nini?"

Akamtazama Daktari Rosemary.

"Sema. Watu wanasikia."

"Nitasema salama, mzee."

"Je, uko salama?"

Mzee Ramadhani akakohoa. 

"Hapana, mzee."

"Kwa hiyo unajua salama ni kitu gani. Hukufundishwa Dar. Ulifundishwa na mama yako. Sasa waambie hawa, mke wangu alipokwisha kusema salama, alisema nini tena?"

Daktari Rosemary akaanza kusema kwamba labda si mahali pake. Romana akamwambia, "Mama, mwache. Hapa ndipo mahali pake." 

Klementi alisimama. Alikuwa anashika ukingo wa meza.  Sikumhurumia, na sasa hivi ninapoyasema haya simhurumii.

"Alisema ila," akasema.

"Sauti."

"Alisema ila. Nikakata simu. Nilikuwa na watu wengi wa kuwapigia siku ile. Nilisikia, na nikakata."

"Alificha?"

"Hakuficha. Alianza kuniambia."

Nikawatazama wa kahawani mmoja mmoja. Yule wa kikombe aliangalia chini. Daktari Rosemary aliandika kitu, halafu akaweka kalamu. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna mtu wao atakayeuliza hali ya mgonjwa kwa simu. Watakuja, na watakaa. Alisema na taarifa ya marehemu itaandikwa upya. Sawa. Aandike.

Klementi akaja mpaka nilipo. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Ana magoti mazima, alishuka kirahisi.

"Mzee, naomba unisamehe."

Watu wakanigeukia. Nilijua wanalolingoja. Kwetu mtu akikupigia magoti mbele ya kadamnasi, unamshika bega, unasema yamekwisha, wanawake wanajifuta macho, watu wanakwenda kunywa chai. Mwenyekiti alikwisha kunyanyua mkono wa kuomba dua.

Sikumshika bega. Nilimwambia yangu hayajaisha na sijui kama yataisha, na huo ndio ukweli, sitamdanganya kwa sababu kuna watu. Nikamwambia lakini kuna kitu chake nimekaa nacho, nampa. Sikumpa siku zile zote kwa sababu nilitaka kwanza aseme la kwake. Sasa amesema, achukue la Somoe, akae nalo, alale nalo, aende nalo Mtama na kokote watakakomhamishia.

Nikamwambia. Asubuhi ile hospitalini, damu inaingia mkono mmoja na kutoka kusikojulikana, muuguzi aliona kile kikadi cha utafiti kwenye pindo la kanga ya Somoe. Kikadi kina namba yako. Akasema ngoja niwapigie hawa watu wa dawa, wajue. Akatoa simu. Somoe alikuwa amefumba macho tangu alfajiri, nilidhani hasikii tena. Akayafumbua. Akamtazama yule binti, akatazama simu, na mdomo wake ukawa kama unataka kucheka. Akasema:

"Msimpigie huyo. Atakata kabla sijamaliza kufa."